Maneno Mawili ya Alhamisi

Saa moja jioni, Grimsby, mvua ya Februari.
Ukumbi wa nyuma ya kanisa unanuka chaki na soksi zilizoloa.
Bi Hilda Stubbs anaandika maneno mawili ubaoni,
mbalimbali, kama majirani wasiosalimiana:
left
na kule pembeni, fast.
"Hayana undugu," anasema. "Msiyatafutie."

La kwanza ni upande wa moyo.
Shwan, anayepeleka vyakula kwa baiskeli,
amelijulia kwenye simu inayomwongoza:
left, left, tena left,
hadi anajikuta mlangoni alikoanzia, chipsi zimepoa.
Lakini ndilo hilohilo la aliyeondoka.
Na ndilo hilohilo la kilichosalia.

Danguolė anainua kalamu.
Mikono yake ina chale za kisu cha kiwandani, cha minofu ya samaki.
"Samahani. Mtu aliyekwenda zake
na mkate aliouacha mezani,
mnawaita jina moja?"
Bi Hilda anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya sweta.
"Ndiyo," anasema.
Kisha, baadaye kidogo: "Ndiyo, naona."

La pili lina haraka zake.
Hata sisi tulilidaka tukalitia mkia,
fasta, fasta, mwite huyo, lete hicho.
Bosi alimuuliza Shwan siku ya kwanza kama yeye ni fast.
Akajibu: "Mwezi mmoja tu kwa mwaka."
Darasa zima likacheka, na yeye akacheka,
ingawa kazi ile hakuipata.

Ndipo mzee Cliff Bratley, aliyepiga magoti
akihangaika na bomba la kupasha joto, akatoa kichwa:
"Miaka ishirini na sita kwenye meli za uvuvi,
neno hilo kwangu halijawahi kukimbia.
Kamba ukishaizungusha kwenye kigingi cha gati, unapaza sauti: fast!
Maana yake haichomoki. Nenda kanywe chai."
Akarudi chini na spana yake.

Basi lile linalokimbia ndilo lisilosogea.
Ndilo la usingizi mzito, ndilo la rangi isiyochuja kitambaani.
Nami nikakaa kimya, nina neno mfukoni
kama mtu aliyeokota funguo asizojua ni za nyumba gani:
funga.
Kwetu anayefunga kamba na anayefunga Ramadhani
wameazimana kitenzi kimoja, na hawajarudishiana.
Nani alimnong'oneza nani?
Gati la Grimsby halijawahi kuuona mwezi wetu.

Kwa lile la kwanza nilihangaika zaidi.
Nikajaribu acha:
aliyeacha, aliyeachwa, alichoacha,
vikonsonanti viwili hivi vyembamba ndivyo pekee
vinavyomtenga mkosaji na mkosewa na mkate.
Nilikuwa nimekaribia.
Ila kushoto kukagoma kuingia.

Zoezi: sentensi moja, maneno yote mawili.
Danguolė aliandika upesi, hakutaka kuisoma kwa sauti.
Bi Hilda akaisoma mwenyewe, amesimama,
akaweka alama ya vema,
akaikata,
akaiweka tena.
Sarufi ilikuwa safi. Hakujua asahihishe nini.

Kituoni, chini ya taa, Danguolė akapekua mkoba.
Glavu ya kulia ilipotelea kwenye basi la asubuhi.
Imebaki ya kushoto.
Akalisema hilo kwa Kiingereza, pole pole,
maneno matano, mawili yakiwa neno lilelile,
akageuka kunitazama kama nimesikia.
Nilikuwa nimesikia.
Akaivaa mkono wa kulia, gumba likielekea kusikofaa,
akaishika nguzo ya kituo kwa nguvu zote,
na basi likaja mbio, likiturushia maji,
na sote wawili, nadhani, tukawa tunalitafuta
neno moja la mambo yote hayo.