Hema la Mtumba

Hema tulilinunua Tangamano, elfu thelathini na tano,
baada ya Semhando kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Kijani kilichochuja, vigingi kumi, kimoja kimepinda,
na katika mfuko wa ndani, ule wa kutilia tochi,
kizibo cha chupa na kikaratasi.

Kizibo kimechorwa kasri, minara miwili na kichala cha zabibu.
Kikaratasi kikatushinda.
Tukampelekea Mama Bijou, msusi, barabara ya kumi na moja,
akakisoma kwa Kifaransa chake cha Lubumbashi,
vidole bado vimo kichwani mwa mteja:
"Kambi, kando ya mto. Siku mbili. Watu wawili. Gari moja.
Mbwa, hapana."
Na hapo chini?
"Chini wamelipa."

Watu wawili hata sisi tunao, nikasema.
Gari tutaazima.

Fungate yetu ilikatika siku ya tatu:
korona iliharibika, kampuni ikatuma mtu na baiskeli,
bwana harusi akaondoka na harufu ya karafuu yangu shingoni.
Siku nne nimezidai miaka ishirini na sita
bila kupandisha sauti,
kama unavyomdai jirani sufuria.

Basi: Probox ya shemeji, mchele, jiko la mkaa, hema.
Tongoni, makaburi ya nguzo,
mashimo ya duara palipokuwa na sahani za Uchina.
"Sahani zimeondoka," akasema Semhando,
"walaji wamebaki."

Kisha mkonge. Mkonge. Mkonge.
Kila shamba anagonga breki.
Hapa nilifunga mota.
Hapa tulidai mshahara wa miezi mitano.
Hapa kidole,
na ananionyesha pale kisipokuwepo.

Juu ya kilima, nyumba ya meneja.
Paa limekwenda, mkuyu umeota sebuleni,
mbuzi anachungulia dirishani kama mwenye hati.
Miaka kumi na tisa Semhando aliingia humo kwa mlango wa jikoni,
kofia mkononi.
Leo akazunguka hadi mbele,
akafuta viatu kwenye kizingiti kisicho na mlango,
akaingia.
Sikumfuata. Nilimsikia akikohoa, chumba hadi chumba.
Alipotoka alisema tu:
"Vyoo vilikuwa vitatu."

Soni, baridi. Kijana Shekalaghe akatuonjesha boha
kwa vikombe vya plastiki, uso mkavu kama wa hakimu:
hili la miwa ya bondeni, lina makali;
hili la jana, bado mtoto;
hili, mzee, usiliguse kama una funguo mfukoni.
Semhando akazungusha kikombe, akanusa, akafumba macho
kama alivyoona kwenye televisheni.
Lina nini? nikamuuliza.
"Lina miwa."

Usiku, mvua. Zipu ikakwama katikati.
Kigingi kilichopinda ndicho peke yake kilichoshika.
Maji yakaingia upande wake, akahamia upande wangu,
nyayo zake baridi kama samaki wa kwenye barafu.
"Wale," akasema gizani, "nao walinyeshewa?"
Labda ndiyo maana wakaliuza.
"Labda wamekufa."
Labda wamenunua kubwa. Wamepata mbwa.
Akacheka hadi maji yaliyotuama juu yetu
yakamwagika yote kwa pamoja,
nje, namshukuru Mungu, nje.

Asubuhi ya nne nilirudisha kizibo mfukoni, na kikaratasi,
na cha kwetu: risiti ya mafuta, Mombo, lita ishirini.
Nyuma yake nimeandika: Siku nne. Watu wawili. Gari la kuazima.
Mbuzi mmoja, alituangalia tu.

Ila hema limekataa kurudi kwenye begi lake.
Tumelikunja, tumelikalia, tumelikunja tena.
Liko kiti cha nyuma, limevimba, linanuka moshi na majani,
na Semhando, mtu wa breki na honi,
anateremka kona za mlima polepole kuliko malori,
kama vile amebeba mtu.