Namba ya Mbegu

Chumba cha uani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Luku imebaki uniti tisa
nami nataka galaksi elfu kumi.
Nazipanga kwa uzito, kwa umri, kwa chuma kilichomo,
kisha naiuliza kila moja:
katika nyota zako, ipo itakayokufa kwa miali ya gamma?

Kubwa hazijibu. Zimeshiba,
chuma kimezijaa kama kutu kwenye mabati ya Makorora.
Zinazojibu ni ndogo, zilizopinda,
zisizo na sura ya kupigiwa picha,
zinazozaa nyota kwa pupa
na kuzizika kabla ya arubaini.
Nyota moja huko inajikunja ghafla.
Sekunde ishirini:
muda ambao Mwanaiki, nyuma ya ukuta huu,
hutunga uzi kwenye sindano ya cherehani,
akikosea mara mbili.

Baba alikuwa karakana ya reli.
Chuma alikijua kwa mlio.
Aligonga gurudumu kwa nyundo, akainamisha kichwa,
akasema: hili lina ufa, lisifike Korogwe.
Jioni mama alilikung'uta shati lake
na vumbi lilimeta hadi kwenye sufuria.
Sikumwambia kuwa chuma chote hicho
ni majivu ya nyota.
Nilikuwa sijasoma bado.
Nilipojua, alikuwa hasikii tena.

Kila uigaji huanzia kwenye namba ya mbegu.
Wenzangu huweka moja, au tarehe ya leo.
Mimi huweka 4471,
namba yake ya kazi,
iliyogongwa kwenye kipande cha shaba.

Saa nane usiku umeme ulikatika.
Galaksi elfu sita zilizimika pasipo kishindo,
sikuwa nimehifadhi hata moja.
Nilikaa nikiisikiliza feni ikimaliza mizunguko yake.

Alfajiri ukarudi.
Nikaandika 4471
nazo zikaja, moja moja, kwa foleni ile ile.
Ya tatu ikalipuka pale pale ilipolipuka jana.
Hata ya mia mbili na saba
ikaja na kasoro yake.

Uniti mbili.
Nyundo yake huzuia mlango usijipige.
Niliiokota, nikagonga mguu wa meza,
nikainamisha kichwa.
Ulilia kitu.
Sikuwahi kumuuliza
mlio wa kizima ukoje.