Kona Hamsini na Saba

Nesi Twitike alisema: inua fulana,
usimwamshe, tazama tumbo tu.
Likipanda na kushuka, hiyo ni moja.
Mama yako alirudi na somo hilo kutoka kliniki,
akalirudia jikoni akimenya viazi,
nami nikacheka: tangu lini pumzi ikapimwa
kama debe?

Usiku ule yeye alikuwa Tukuyu, msibani.
Sakitu ilishalala shambani.
Wewe, miezi tisa, ulikataa uji, ukakataa maziwa,
ukakohoa kikohozi kidogo, kikavu,
kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

Nikawasha simu. Dakika moja.
Mimi ninayehesabu lumbesa gizani bila kukosea
nilipotea kwenye ishirini, nikaanza upya.
Hamsini na saba.
Nesi alisema kwa umri wako hamsini tu inatosha kuondoka nyumbani.
Na chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikibonyea ndani
kama udongo wa mvua chini ya kidole.

Bibi Semwali akaja na mafuta ya nyonyo,
akasema ni kimeo, yupo mtu ng'ambo ya mto ana wembe.
Sikumjibu vibaya. Ndiye aliyenikata kitovu.
Nilisema: bibi, nishikie taa.

Zahanati ilikuwa na kufuli, na bango jipya:
WATOTO CHINI YA MIAKA MITANO, BURE.
Nikalisoma kwa tochi mara mbili
kana kwamba neno lile lingetoa ufunguo.

Basi, Chimala.
Mbwilo alitoa pikipiki, akataja elfu thelathini,
akakuona uso, akanyamaza.
Kutoka Matamba hadi bondeni kuna kona hamsini na saba,
kila dereva anazo kichwani.
Nilikufunga kifuani, pua nje ya blanketi,
nikahesabu kurudi nyuma.
Arobaini: breki zilinuka.
Thelathini na moja: nilikuomba ulie. Hukulia.
Ishirini na kitu, sikumbuki,
kulikuwa na mawe barabarani na Mbwilo alikuwa akisali kwa Kikinga.
Kumi na mbili: joto la Usangu lilipanda kutupokea,
ukakohoa,
nikamshukuru Mungu kwa kikohozi.

Walikutia mpira mwembamba puani. Mashine ikaguruma hadi asubuhi.
Hakuna aliyenigombeza; daktari aliuliza tu nilihesabu ngapi,
nilipomwambia aliandika,
na mimi, darasa la saba, nikaona neno langu
limekaa kwenye faili la hospitali.

Kisha dirisha la dawa: ya maji imekwisha, kanunue duka la mbele.
Kumbe bure nayo ina duka lake.
Niliacha simu rehani.
Siku nne nikahesabu kwa saa ya ukutani,
ile inayochelewa,
hamsini na mbili, arobaini na nane, arobaini na moja,
na baba mmoja wa Igurusi, mwanawe kitanda cha pili,
akaniuliza natazama nini hapo tumboni.
Nikamwambia: inua fulana.

Sasa umelala. Mama yako amechukua zamu,
lakini usiku naamka hata hivyo.
Juzi gulioni mnunuzi aliniuliza, Tweve, magunia mangapi?
Nikajibu thelathini na sita,
nami nilikuwa na kumi na moja.