Mlango wa Kituo cha Maziwa

Saa tano usiku, mvua ya Tukuyu haijachoka.
Kompyuta mezani, na chini ya meza
beseni la kudakia tone la bati.

Juzi Tusajigwe alibadili tarakimu moja tu
mwishoni mwa anwani, akajikuta kwa Mwaisumo:
lita zake, deni la pumba,
na mkopo ambao mkewe hakuwahi kuambiwa.
Kufika saa mbili asubuhi
foleni nzima ya madumu ilishajua.

Kwa hiyo naweka mlango.

Hodi.
Nani?
Mimi.

Kwetu hilo linatosha, sauti ina uso.
JavaScript haina jirani.
Mimi ndiyo nani? Lete jina, lete nywila.

Nywila yenyewe siitunzi.
Naitia chumvi, naisaga, naweka unga.
Kesho ukirudi nasaga tena ulicholeta,
nalinganisha unga kwa unga.
Hata mimi mwenye kinu
sijui yalikuwa mahindi gani.

Ukipita, nakupa tokeni ya saa moja.
Ikiisha, rudi mlangoni. Usinune.

Saa nane najigeuza mwizi:
nabadili tarakimu ya mwisho. Imekataa.
Nyingine. Imekataa.
Nacheka peke yangu, beseni limejaa.

Wa kwanza kupiga simu ni Mwaisumo.
"Kijana, nimesahau nywila. Si unanijua?"
Namjua. Alinivusha mgongoni
mwaka mto ulipobeba daraja.
"Mimi nakujua, baba. Mlango ndio haukujui."

Akanyamaza. Nikasikia ng'ombe wake.
"Na juzi," akauliza, "mlango huo ulikuwa wapi?"