Shingo Upande

Mlinzi wa wodi alisema, kwa upole wa mtu aliyezoea kukataa,
kwamba gitaa haliingii.
Basi nikalirudisha garini, shingo upande,
nikalilaza kiti cha nyuma, nikapandisha vioo,
nikasema nusu saa.

Ilikuwa Julai, Maskati,
mwezi ambao usukani hushikwa kwa leso
na hata kivuli cha ukuta kina homa.
Nusu saa ikawa saa sita,
maana madaktari walikuwa wanatafuta
pingili ipi ya shingo ya baba imehama
alipoteleza bafuni, birika mkononi.

Niliporudi gari linanuka gundi.
Nikaliinua, nikalitazama toka kichwani hadi darajani
kwa jicho moja, kama anayelenga shabaha.
Shingo imekuwa upinde.
Nyuzi zimepaa juu ya ubao,
kidole kingepita chini yake bila kuinama.

Lilichongwa Uvira na fundi Bahizi,
ambaye hakununua mbao asiyoinusa kwanza.
Baba alilivusha Gatumba ndani ya godoro lililokunjwa,
mpaka kwetu Buyenzi,
siku nilipotimiza miaka kumi na mmoja,
na shangazi zangu wakauliza
kama mtoto wa kike amekosa sufuria za kuchezea.
Vita vilipokuja tuliacha friji,
tuliacha kabati la vyombo, tuliacha paka.
Gitaa lilifika Oman juu ya magoti yangu.

Kijana wa dukani Ruwi alitafuta tundu la kutia spana,
akalizunguka lote.
"Halina chuma ndani. Nunua jipya."
Kana kwamba nimemletea mtungi wa gesi.

Aliyelipokea ni Sasidharan, Wadi Kabir,
seremala wa milango,
unga wa mbao kwenye nyusi
na Kiarabu cha maneno mia mbili.
Alilegeza nyuzi mojamoja, kama anayemvua mgonjwa viatu.
Akagonga shingo kwa ukucha, akasikiliza.
Akalilaza juu ya pau la chuma lililonyooka,
kitambaa cha maji moto, pasi ya nguo,
majiliwa matatu, kipande cha ngozi chini ya kila moja.
Akakaza la katikati,
robo mzunguko,
akanawa mikono.
"Kesho."

Kesho yake, robo nyingine.
Nilimwuliza kwa nini asimalize mara moja.
Akaokota kijiti sakafuni, akakikunja mbele ya macho yangu.
Ta!

Siku tisa nikitoka huku naenda kule:
Wadi Kabir, shingo ndani ya jiliwa;
wodini, shingo ndani ya kola nyeupe.
Baba hakuweza kugeuka, alizungumza na dari.
"Mwenzangu anaendeleaje?"
Nikamwambia limeshuka unene wa kadi ya benki.
"Basi ananishinda. Mimi tangu asubuhi natazama saa,
na saa yenyewe imekufa."
Nikamkumbusha samaki mkunje angali mbichi.
Akanyamaza kidogo.
"Na mkavu?" akauliza. "Wahenga walisemaje juu ya mkavu?"
Sikuwa na jibu. Nikamchuna zabibu.

Siku ya kumi Sasidharan alidai riali kumi na mbili,
akaniambia halijanyooka.
Alipachora kwa penseli mahali alipoogopa:
hapa, akasema, ukizidi, vipande viwili.
Uzi wa tatu, ukiubana mahali pa tano,
unakoroma kama nzi ndani ya glasi.
Nimejaribu kupakwepa. Kila wimbo ninaoupenda
unapitia palepale.

Sasa tuko nyumbani, Mabela.
Nakaa kushoto kwa baba,
upande ambao shingo yake inakubali.
Alama ya penseli sijaifuta.
Ndani ya sanduku la gitaa nimeweka kopo la sabuni,
nimelitoboa matundu, nikatia sifongo,
lipate unyevu, kiyoyozi kisilikaushe.
Kila asubuhi naloweka sifongo, kisha nampa baba vidonge.
Au vidonge kwanza.
Jana nilisahau vyote viwili,
na hakuna aliyelalamika
mpaka jioni.