Jino na Meno

Jumanne, saa kumi na nusu, na Govanhill imeshaingia giza.
Juu ya duka la mazulia tuko wanne na kompyuta mbili,
hita inanuka vumbi lililoungua,
na Innes Rennie, fundi wetu,
ametuletea mitambo mitatu ya kutafutia
kama muuza viatu anayefungua maboksi:
vaeni, tembeeni navyo, mniambie panapobana.

Tovuti yenyewe haijazaliwa.
Ni kurasa mia mbili na kumi na tatu
za namna ya kumwambia daktari wa Glasgow
kwamba mkojo unachoma, kwamba mtoto hanyonyi.
Riziki aliziandika akitoka zamu, soksi bado mguuni.

Wa kwanza ni wa bure.
Nikaandika: jino.
Ukajibu: hakuna kilichopatikana.
Na ukurasa wa meno upo! Nimeuhariri mwenyewe,
una picha, una simu ya dharura.
Salome akacheka hadi akashika meza.
"Huyu ukimpa jicho, macho hayaoni."
Tukampa. Hakuyaona.

Innes hajui Kiswahili, ila ana daftari.
Akauliza: neno lenu hubadilika wapi, mwanzo au mwisho?
Mwanzo, nikamwambia. Na mwisho. Na katikati.
Nikamwandikia: anaumwa, ameumia, ananiumiza, maumivu.
Akazipigia mstari herufi mbili zilezile kila mahali,
polepole, kama mtu anayechambua miiba ya samaki.
Sikumwambia kwamba kwa Riziki wa Lamu jino ni ino,
kwamba yeye na Salome wa Bukavu wote husema kuya
na mimi tu, wa Tanga, ndiye nisemaye kuja.
Mtu humpi mgeni mifupa yote siku moja.

Wa pili, pauni hamsini na tano kwa mwezi,
hujidai kujua utakacho kabla hujamaliza.
Nikaandika: homa.
Ukaniuliza, kwa Kiingereza, kwa adabu zote,
kama nilikusudia kusema nyumbani.

Nilikawia kuufunga.

Wa tatu haujui kitu, alisema Innes,
lakini unafundishika: mnaupa neno na ndugu zake.
Pauni tisa. Tena huweka daftari lake,
kila alichotafuta mtu akakikosa.

Ndipo Kashindi akaja kuchukua ufunguo wa chini,
glavu za mpira bado mikononi.
Jaribu na wewe, tukamwambia, andika lolote.
Akavua glavu moja.
Akaandika kwa kidole kimoja, mgongo umetuziba,
akatazama, akafuta, akasema, "Ni mzuri,"
akashuka.

Innes akafungua daftari la mtambo kutuonyesha linavyofanya kazi.
Mstari mmoja tu:
*siku zangu hazijakuya*
Matokeo: sifuri.

Tuna ukurasa wa hedhi. Tuna wa ujauzito, wenye vichwa vitano.
Neno siku halimo hata mara moja
kwa maana hiyo.
Innes akauliza maana yake nini,
na hakuna aliyemjibu.
Salome akavaa koti, akateremka ngazi
bila kusema anakwenda wapi.

Tukaanza orodha.
Jino: meno, ino.
Siku: hedhi, damu ya mwezi; kisha Riziki akaongeza mimba,
akaifuta, akairudisha.
Moyo kwenda mbio. Tumbo la kuendesha. Mwana kushindwa ziwa.
Kila tuliloandika lilikuja limeshika mkono jingine,
na hita ikajizima yenyewe saa moja,
tukaendelea na makoti.

Ya mwisho usiku ule ilikuwa homa.
Niiunganishe na nini? akauliza Innes.
Joto, akasema Riziki, akipuliza vidole.
Na baridi.
Vyote viwili? Fundi akamtazama.
Vyote viwili, nikasema. Andika.