Pima Kitovuni

Mumbua hana duka. Ana cherehani mbili,
chumba juu ya bucha, Kariobangi Kusini,
na picha kumi na nne kwenye simu yangu
ninazozitazama usiku, mwangaza nimeupunguza,
kama mtu anayeficha deni.

Nguo yenyewe mimi naiita kilti.
Mke wangu anaiita hiyo.
"Hiyo yako imefika wapi?"
Turubai nzito, rangi ya jivu la jiko,
mikunjo nyuma, vifungo vya chuma mbele,
na mifuko, ee, mifuko
ya kumtosha fundi wa umeme kuhamia.

Elfu nne mia nane. Nusu sasa, nusu ikiisha.
Nikatuma. M-Pesa ikanirudishia jina lake lote,
Perpetua Mumbua Nzioki,
nami nikaketi wima, sijui kwa nini,
kama nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kisha sauti yake, na chini ya sauti
shoka la mchinjaji likigonga mfupa:
"Usinipe saizi ya suruali. Suruali hudanganya,
hushuka chini ya tumbo ikajidai haijaliona.
Pima kitovuni. Vuta pumzi. Iachilie. Haya, soma."
Nikasoma. Nikapima tena.
Inchi nne zaidi ya mtu niliyedhani ni mimi.

"Unabeba nini?"
Koleo, testa, tepu nyeusi, penseli,
funguo za vyumba vya mita vya majengo matatu.
"Mkono gani?"
Miaka arobaini na mmoja navaa nguo za watu,
hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza mkono gani.
Wa kushoto, nikaandika.
Mkono niliochapiwa darasa la pili.
"Basi nageuza kila kitu," akasema.
Akageuza.

Watu wanataka sababu. Nimewapa.
Shemeji nilimwambia ni daktari, mambo ya henia.
Otwoma kazini nilimwambia ni joto la darini, chini ya mabati.
Mke wangu nilimwambia mifuko,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Zote zina ukweli
kama chai ya kibandani ilivyo na maziwa.

Ile nyingine sikumwambia mtu.
Desemba, Dandora, nina miaka kumi na mitatu,
tumetoka zahanati watatu, tumekatwa, hatukulia,
na kiunoni nimefunga leso ya dada yangu, ya manjano,
imeandikwa WEWE SEMA, MIMI NAPITA.
Natembea miguu imeachana,
nimeivuta kitambaa kwa mbele kisiguse,
na wanaume wazima wananipisha njia.
Hakuna aliyeniita msichana.
Wiki tatu.
Kisha kidonda kikapona, wakanirudishia suruali.

Ijumaa ikafika, ndani ya mfuko wa unga wa kilo ishirini na nne,
na karatasi yenye mwandiko wa haraka:
Mikunjo usiipige pasi ovyo. Kaa vizuri.

Nilikaa vibaya.
Nilikaa kama nilivyokaa maisha yangu yote,
mikunjo ikajifinyanga chini yangu kama chapati.
"Inuka," akasema mke wangu. Hakucheka safari hii.
Akaja nyuma yangu, akapitisha kiganja, mara moja,
kutoka kiunoni hadi nyuma ya magoti.
"Hivi. Halafu ndio unakaa."
Ni jambo alilolifanya kila siku mbele yangu
tangu tuoane, na sikuwahi kuliona.

Nilikaa. Funguo zikalia upande wangu wa kushoto.

Nikamtumia Mumbua nusu iliyobaki, na hamsini ya chai,
nikatoka kununua maziwa.
Ghorofa ya pili kulikuwa na upepo,
na watoto watatu kwenye ngazi
waliokuwa wakicheza, wakaacha.